Maji ya Ufipa, Chumvi ya Rukwa

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za udongo wa Ufipa: jinsi unavyoyashika maji ya mvua, na jinsi unavyovishika, au kuviachilia, vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji hayo. Huenda msomaji akadhani kwamba udongo hauna historia, ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita. Sisi twaona sivyo. Katika nchi ya Ufipa habari za watu na habari za udongo zimefungamana hata haiwezekani kuzisimulia hizi bila ya zile.

Mtu akisimama kwenye ukingo wa milima ya Mbizi, mashariki ya mji wa Sumbawanga, huona nchi mbili kwa mara moja. Nyuma yake ni uwanda wa juu, kama futi 6,000 toka usawa wa bahari, nchi ya majani mengi na miti michache, yenye baridi kali wakati wa kipupwe, na vijito vya maji matamu. Mbele yake nchi hukatika ghafula, na mbali chini, penye joto na vumbi, hulala Ziwa Rukwa, ambalo kimo chake hakizidi futi 2,700 hivi. Maji ya ziwa lile yana magadi. Basi, vijito vya Ufipa huteremka kuingia Rukwa, na mito ya Momba, Songwe na Rungwa kadhalika, na yote ni maji baridi. Je, magadi yale hutoka wapi?

Jibu ni kwamba maji tuyaitayo matamu si matupu. Mvua ikianguka juu ya kilima hupenya udongoni, hugusa mawe, huyala kidogo kidogo, na kuchukua chembe zake zilizoyeyuka. Wataalamu huziita chembe hizi zote chumvi, ijapokuwa nyingi si chumvi ya kutilia mboga: ndani yake mna chokaa, mna potasi, mna magadi, mna na chakula kingine cha mimea. Katika kijito ni chache mno, ulimi hauzitambui. Lakini Rukwa ni ziwa lisilo na mto utokao. Maji hayana njia ila kupaa juu kwa nguvu ya jua, na jua huchukua maji tu, haliwezi kuchukua chumvi. Zamani za kale sana, maelfu ya miaka iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, ziwa hili lilijaa hata likamwagikia Ziwa Tanganyika upande wa Karema, na maji yake yakawa yakienda zake. Tangu mlango ule ufungwe, kila kinachoyeyuka Ufipa na kuteremka upande wa mashariki hubaki bondeni.

Watu wa bondeni waliijua siri hii kabla ya kuja mtaalamu yeyote. Kusini ya ziwa, mahali paitwapo Ivuna, pana chemchemi za chumvi. Wachimbaji wa mambo ya kale, Brian Fagan na J. E. Yellen, walipapekua mahali hapo, wakatoa maelezo yao mwaka 1968, nao walikuta kwamba kazi ya kutengeneza chumvi ilikuwa ikifanywa pale tangu karne ya 13. Namna ya kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Udongo wenye chumvi hutiwa katika chujio, humiminwa maji, maji hupita yakichukua chumvi, kisha huchemshwa hata yakauke. Kila mama wa bara aliyewahi kumimina maji juu ya majivu ili apate magadi ya kulainishia mboga amefanya kazi ile ile. Na mvua hufanya hivyo juu ya shamba lake kila mwaka, ila mvua haina chungu cha kukingia.

(Tuseme jambo moja la pembeni kabla ya kuliacha jina la Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka huko kutoka mbinguni. Ni jiwe dogo, uzito wake haufiki kilo moja, lakini ni la namna adimu sana duniani, na wataalamu walipolichunguza walikuta limejaa madini ya namna ya udongo wa mfinyanzi yaliyoshika maji ndani yake. Hata huko juu, basi, udongo hushika maji.)

Tumeona kinachokwenda na maji. Na kinachobaki juu ni nini? Hubaki kile ambacho maji hayakiwezi, na kikubwa kati ya hivyo ni chuma. Wekundu wa udongo wa vilimani ni kutu ya chuma. Mawe ya Ufipa ni ya kale mno, umri wake wapita miaka milioni 1,800, na katika nchi ya mvua na joto, udongo wa mawe ya kale huoshwa na kuoshwa, chokaa ikaondoka, potasi ikaondoka, chuma kikabaki. Nao Wafipa hawakukidharau kilichobaki. Walijenga tanuru refu la udongo liitwalo ilungu, lenye kupita kimo cha mtu, ambalo huvuta upepo lenyewe bila ya mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, kisha mhunzi akafua jembe. Mwaka 1937 Bwana R. C. H. Greig alichapisha habari za kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na baadaye sana Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyatafuta na kuyachunguza matanuru mengi ya kale upande wa Nkansi. Kazi ya kuyeyusha chuma imekoma, lakini maganda ya matanuru yangali yakionekana huku na huku.

Basi mvua ndiyo iliyogawa mali ya nchi: chuma ikakiacha juu, chumvi ikaipeleka chini. Swali lililomkabili Mfipa ni hili: yeye aliyekaa juu, penye udongo unaooshwa kila masika, angepandaje ulezi mwaka hata mwaka bila ya ardhi kuchoka? Hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Chumvi hununuliwa kwa jembe, lakini rutuba iliyokwisha teremka Rukwa hapana wa kuipandisha.

Hapa yatupasa kwenda Uingereza kwa muda mfupi, maana huko ndiko ilikoelezwa mara ya kwanza kwa vipimo sababu ya udongo kutooshwa kabisa mara moja. Padre mmoja mkulima, jina lake Huxtable, alipitisha maji meusi ya samadi katika udongo wa shamba, akashangaa kuona yametoka chini hayana rangi wala harufu. Bwana H. S. Thompson, mwenye mashamba karibu na mji wa York, naye alijaribu kwa kumimina maji yenye mbolea ya chumvi ya amonia juu ya udongo. Amonia haikutoka. Mwaka 1850 mkemia J. T. Way alieleza mambo haya kwa ukamilifu: udongo ulipoishika amonia, uliachilia chokaa badala yake, kwa kipimo kinacholingana. Yaani udongo haukuwa chujio tu kama kitambaa cha kuchujia tui. Ulifanya biashara: ulipokea kitu na kutoa kitu.

Wataalamu waliofuata wameeleza sababu. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kupita kiasi cha jicho kuona, na juu ya uso wake mna nguvu ya umeme yenye kuvuta, mfano wa sumaku ivutavyo sindano. Chokaa, potasi na amonia huvutwa zikashikwa pale, na mizizi huja ikazibadilisha kwa kitu kingine na kuzila. Tena kati ya chembe hizo nyembamba maji yenyewe hunasa, yasianguke upesi kama yanavyoanguka katika mchanga. Lakini si kila kitu kilichoyeyuka huvutwa. Naitreti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mahindi na ulezi, husukumwa badala ya kuvutwa, kwa hiyo huogelea huru ndani ya maji, na maji yakishuka nayo hushuka. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Wala si kila mfinyanzi una nguvu sawa. Mfinyanzi wa nchi za kale zilizooshwa, kama Ufipa, ni dhaifu, huvuta kidogo. Katika udongo wa namna hiyo kazi kubwa ya kushika maji na chumvi hufanywa na mboji, yaani ule weusi utokanao na majani na mizizi iliyooza. Mboji hushika maji kama sifongo, na nguvu yake ya kuvuta chokaa na potasi yazidi mara nyingi ile ya mfinyanzi mwekundu. Ukiondoa mboji katika kilima cha Ufipa, umebaki na kutu.

Mboji hii hulindwa na baridi, kwa kuwa baridi huchelewesha kuoza. Ziko nchi za kaskazini kabisa mwa dunia, huko Siberia na Kanada, ambako ardhi ya chini haiyeyuki mwaka mzima, ni barafu tupu. Maji ya juu hayawezi kushuka, mimea ikifa haiozi ikaisha, na kwa maelfu ya miaka ardhi imejilimbikizia mboji nyeusi nzito. Siku hizi dunia inapozidi joto, barafu ile inayeyuka, na akiba iliyokuwa imefungwa inaanza kutoka kwa maji na kwa hewa. Ufipa haina barafu ya namna hiyo. Kipupwe chake huwatetemesha watu, lakini hakifungi ardhi. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa hakuachiwa akiba na baridi. Alipaswa kuitengeneza kwa mikono.

Namna alivyoitengeneza ni hii. Masika yanapokaribia kwisha, udongo ungali na unyevu na majani yamekua marefu, mkulima huingia katika ardhi iliyopumzishwa, hukata mabonge ya udongo pamoja na majani yake, huyapindua na kuyapanga kwa duara, majani ndani na mizizi juu, hata kikapatikana kichuguu cha mviringo. Kwa Kifipa huitwa intumba. Kilima kizima hujaa vichuguu hivyo, safu kwa safu, na kwa mbali mgeni hudhani ameona mji wa mchwa. Ni kazi nzito sana, na desturi ilikuwa kuwaita majirani na kuwapikia pombe ya ulezi. Wengine hupanda maharagwe juu ya vichuguu vile mara moja, nayo maharagwe yana faida yake, maana mizizi yake hukamata naitrojini ya hewani. Wakati wote wa kiangazi majani yaliyofukiwa hubaki ndani. Mvua za Novemba na Desemba zikija, vichuguu huvunjwa, udongo mweusi hutawanywa, na ulezi hupandwa.

Tuyatazame yaliyofanyika hapo. Majani yalifukiwa wakati udongo una unyevu wa kutosha kuyaozesha. Kichuguu kikasimama kiangazi chote kama ghala. Mboji ikashika potasi na chokaa zilizotoka katika majani. Kisha ghala likafunguliwa siku ile ile mbegu inapotiwa, yaani chakula kikaanza kuyeyuka wakati mizizi inakuja kukila. Tena mvua nzito ya mwisho wa masika, ikikuta kilima kimejaa vichuguu, haipati njia iliyonyoka ya kukimbilia bondeni. Husimama kati ya kichuguu na kichuguu, ikazama. Hapana kipimo cha mkemia kilichotumika.

Majirani walitumia njia nyingine. Kusini, katika nchi iitwayo sasa Zambia, Wabemba waliokaa penye misitu walikata matawi ya miti, wakayalundika na kuyachoma, wakapanda ulezi katika majivu. Ndiyo citemene, ambayo Audrey Richards aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1939. Majivu hutoa potasi na chokaa upesi, lakini hayana mboji, na baada ya miaka michache lazima kuhama na kukata miti mingine. Mfipa wa uwanda wa juu hakuwa na miti ya kukata hivyo. Wamambwe, waliokaa kati ya hao wawili, walifukia majani katika vichuguu kama Wafipa, wakaviita fundikila, na Colin Trapnell aliyepima udongo wa pande zile alizieleza habari zao mwaka 1943. Nao Wamatengo wa milima ya Mbinga walizua mashimo yao ya ngoro, ambayo ni jambo la namna moja kwa umbo lingine: majani hufukiwa, na maji hukingwa yasikimbie.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyepita Ufipa mwaka 1880, katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata aliwasifu Wafipa kuwa ni watu wa kilimo hasa. Wakati huo Ufipa ilikuwa chini ya milki mbili, Nkansi na Lyangalia. Twaona kwamba milki zile, pamoja na matanuru ya chuma na biashara zao, zilisimama juu ya vichuguu vya majani, ijapokuwa waandishi wengi wa habari za watawala hawakuona haja ya kulitaja jambo hilo.

Baada ya vita kuu ya kwanza, Serikali ya Waingereza iliendesha kituo cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Hapo alifanya kazi mkemia wa udongo, Geoffrey Milne. Wenziwe walikuwa wakichora ramani za udongo kana kwamba kila aina ina nchi yake. Milne aliona kwamba katika Afrika ya Mashariki aina nyingi hufuatana katika mteremko mmoja, toka kilele hata mbuga, nazo hurudi kwa taratibu ile ile katika kila kilima. Mwaka 1935 aliutungia mfuatano huo jina, katena, neno la Kilatini maana yake mnyororo. Juu udongo ni mwekundu, umeoshwa. Katikati hugeuka kahawia au kijivu. Chini, mbugani, ni mweusi, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na humo hukusanyika vile vilivyoyeyuka juu. Milne alifariki mwaka 1942, lakini neno lake latumika mpaka leo dunia nzima. Na Ufipa pamoja na Rukwa ni katena moja kubwa mno, kilele chake Mbizi na mbuga yake ziwa lenye magadi.

Mambo yalibadilika sana baada ya Uhuru. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na Sumbawanga ukawa mji wake mkuu. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ikapunguza bei ya mbolea ya dukani, na mkoa huu ulio mbali na Dar es Salaam ukaingia katika ile mikoa minne iliyolisha taifa: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Plau ya ng'ombe ilienea, na mahindi yakachukua mahali pengi pa ulezi. Plau hulima shamba kwa siku chache, wala haitaki pombe ya majirani. Lakini haipangi majani katika duara. Kazi ya kichuguu ikafanywa na gunia. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa, na mkulima aliyekwisha acha kufukia majani akajikuta na udongo mwekundu mikononi bila ya hiki wala kile. Ruzuku ilirudi baadaye kwa namna nyingine, lakini bei ya gunia haikurudi kuwa jambo dogo.

Sasa tulirudie lile neno la naitreti. Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga katika nchi ya Kenya, alieleza jambo lijulikanalo hata leo kwa jina lake. Udongo uliokaushwa sana na jua, ukinyeshewa mvua ya kwanza, viumbe vidogo vilivyomo huamka kwa nguvu, huila mboji, na naitreti nyingi hutoka kwa siku chache tu. Ndiyo sababu mahindi yaliyopandwa mapema hushinda yale yaliyochelewa juma mbili au tatu, ijapokuwa shamba ni moja na mbegu ni moja. Mwenye kuchelewa hukuta chakula kimekwisha teremka chini ya mizizi. Na urea itokayo dukani, ikiisha kugeuka naitreti, hufuata njia hiyo hiyo. Ikimwagwa yote siku ya kupanda, mizizi ikiwa mifupi kama kidole, mvua kubwa huichukua. Kwa hiyo wakulima wenye uzoefu huigawa mara mbili, sehemu kubwa wakaiweka hata mahindi yafikie magoti.

Katika udongo wenye mboji hasara ni ndogo, kwa kuwa maji hushuka polepole, na amonia hushikwa kwa muda kabla ya kugeuka. Katika udongo mtupu hasara ni kubwa. Ndiyo maana gunia lile lile, lililonunuliwa kwa bei ile ile katika duka moja la Sumbawanga, hufanya kazi mbili tofauti katika mashamba mawili yanayopakana: moja ambalo mwenyewe amefukia majani na mabua yake wakati wa mwisho wa masika, na jingine ambalo mabua yamechomwa moto mwezi wa Agosti na mvua ya Novemba ikakuta majivu.